Maisha ya Mama Nozeli na Neno Aliloacha Lisomwe

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi na madereva mliofika, haya mtakayoyasikia ni maisha ya mama yetu kama yalivyokuwa, na tarehe zake zimetoka katika daftari lake la jalada jeusi ambamo aliandika kila kitu, kuanzia siku aliyonunua kabati hadi siku jino lake la nyuma lilipong'olewa. Familia haikuongeza wala kupunguza, ingawa wapo katika familia waliotaka kupunguza. Marehemu aliacha sharti moja kuhusu karatasi hii, kwamba habari ya mwaka 1999 isomwe yote, mbele ya mafundi na madereva, kwa sauti ya kufika hadi nyuma, kwa sababu lipo jina la mtu aliye hai ambalo liliharibika kwa kalamu yake, na alitaka lisafishwe mbele ya watu wengi. Hayo tutayafikia mahali pake, kwa sasa tuanzie alipoanzia yeye.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, watatu wa kike na wawili wa kiume, baba yake akiwa mpimaji wa mbao hapo kiwandani na mama yake mshonaji wa sare za shule. Kaka zake wanasema hakuwa mtoto wa kulialia, ila kitu chochote chenye skrubu kikiwekwa karibu naye kilikuwa hatarini, na akiwa na miaka saba aliifungua saa ya ukutani ya baba yake, akaifunga tena ikaenda, ikabaki skrubu moja mkononi ambayo hakuna aliyejua ilitoka wapi, naye akachapwa kwa ajili ya skrubu hiyo, na saa ikaendelea kutoa majira miaka kumi na moja bila kuihitaji.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia Januari 1965 hadi Novemba 1971, kisha sekondari ya kutwa ya wasichana kuanzia 1972 hadi 1975, akafaulu vizuri hesabu na fizikia, akapita kwa tabu katika lugha, na katika somo la ushonaji akapata alama ya chini kuliko wote, jambo lililomchekesha hadi uzeeni, kwa sababu nusu ya darasa lile lilivaa sketi alizozipiga pindo yeye mwenyewe. Alitaka kuendelea na masomo, lakini mwezi Oktoba 1975 baba yake aliumizwa mguu na gogo kiwandani, nyumba ikabaki kutegemea cherehani, naye akakaa kwenye cherehani bila kulalamika, au kama alilalamika hakuandika.

Kuanzia Januari 1976 alishona na mama yake pamoja na mdogo wake wa kike katika chumba cha tatu cha lile jengo refu lenye milango ya chuma, na katika chumba cha nne, ukuta kwa ukuta, palikuwa na karakana ya pampu na nozeli za dizeli, ya fundi mmoja mnene mwenye hasira asubuhi na kicheko mchana, ambaye jengo zima lilimwita Bwana Geji. Tarehe 6 Agosti 1985 springi ndogo kama punje ya mchele ilimponyoka Bwana Geji ikaingia ndani ya pampu, akaanza kutukana hadi wateja wa sketi wakaziba watoto masikio, na marehemu akainuka na kibano chake cha kuchomolea nyuzi, akaingia bila hodi, akainama, akaitoa. Bwana Geji akaitazama springi, akavitazama vidole vyake mwenyewe vilivyokuwa vinene kama betri za tochi, akamwambia, "Dada, huko unashona nini? Sketi? Unapoteza vidole bure." Marehemu akamjibu, "Na wewe unapoteza springi." Wiki iliyofuata alikuwa anakwenda chumba cha nne kila mchana, na ilipofika Januari 1986 cherehani akamwachia mdogo wake moja kwa moja.

Mwaka wa kwanza aliosha vyuma tu na kusikiliza, maana Bwana Geji alishikilia kwamba mtu asiyejua injini nzima inavyolia hana haki ya kuigusa nozeli, kile kifaa kidogo kinachopulizia dizeli ndani ya silinda, ambayo ndiyo inayosingiziwa zaidi katika gari zima. Gari likitoa moshi, nozeli, likikosa nguvu, nozeli, likikataa kuwaka asubuhi, nozeli, kumbe pengine ni filta iliyoziba au bomba linalovuta hewa. Akamfundisha kuliacha gari liunguruke, kisha kulegeza nati za mabomba ya dizeli moja baada ya nyingine, na kila nati ikilegezwa injini hutikisika kwa sababu silinda ile imenyimwa mafuta, ila ukifika kwenye ile ambayo ukiilegeza injini haijali, basi mgonjwa ni huyo. Akamfundisha kuifunga nozeli kwenye mashine ya kupimia, kuvuta mkono wa mashine huku jicho likiwa kwenye geji, na kuangalia mafuta yanavyotoka, kwani nozeli nzima hutoa ukungu mwembamba na kukata papo hapo, na mbovu hutoa mchirizi na kudondosha, ambayo mafundi wote mlioko hapa mnaiita inakojoa, na yeye pia aliiita hivyohivyo mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya viongozi wa dini. Ukungu ule unaoonekana kama pumzi una nguvu ya kutoboa ngozi, na tarehe 2 Mei 1991 ulimwingia katika kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akasema ni kamchubuko tu, kesho yake mkono ukavimba, na hospitali wakakata kipande cha juu, naye akarudi kazini baada ya wiki tatu akiwa na vidole tisa na nusu na kazi ileile.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 22 Desemba 1984, na mzee wetu huyu, kinyozi wa pale kwenye kona, ambaye alianza kwa kupeleka koti lipunguzwe mikono, likapunguzwa, akalirudisha liongezwe, na aliporudi mara ya tatu mama mkwe wake akamwambia aseme shida yake. Walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa tarehe 11 Februari 1987, mwana wa kiume aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1989, na kitinda mimba wa kike aliyezaliwa tarehe 8 Juni 1994. Hakuwa mama wa kubembeleza, alikuwa mama wa kukagua, alikagua madaftari, kucha na viatu, na nguo zetu zote zilinuka dizeli, hata tulipokwenda kwenye harusi za watu.

Mwaka 1993 macho ya Bwana Geji yalichoka, akaondoka kwenda kuishi kwa mwanawe, akamwachia chumba cha nne, mashine ya kupimia, na kanuni moja ambayo hakuruhusu ivunjwe, kwamba kifaa kibovu kilichotolewa kwenye gari la mtu kisitupwe kabla ya mwaka kuisha, kiwekwe ndani ya kopo, kopo liandikwe namba ya gari na tarehe. Ukuta mzima wa chumba cha nne ulikuwa makopo ya maziwa ya unga. Mwaka 1994 kampuni moja ya mabasi ilianza kumpelekea kazi zake zote za nozeli, na hapo ndipo jina la Mama Nozeli lilipoenea, akawa anaitwa hivyo hata na mwalimu wa shule yetu.

Sasa ni habari ya mwaka 1999, na kama alivyotaka, tunaomba walio nyuma wasogee.

Katika kampuni ile alikuwapo dereva wa basi la kwanza la asubuhi, aliyeitwa Taratibu, kwa kuwa katika miaka kumi na sita ya kuendesha hakuwahi kugonga hata ndoo. Tarehe 26 Julai basi lake lililetwa kwa usafishaji wa kawaida, nozeli sita zikatolewa, zikaoshwa, zikapimwa, zikarudishwa, basi likaondoka likinguruma vizuri. Tarehe 18 Agosti likarudi likiwa linamisi, yaani injini inakatakata mlio, halina nguvu, na linatoa moshi mweusi. Marehemu akalegeza nati, akawapata wagonjwa wawili, akazitoa nozeli, moja ikawa imeziba kwenye mdomo wa kuingizia mafuta, nyingine sindano yake imekwama wazi na inakojoa, na ndani yake akakuta utando mweusi mlaini, kama tope. Meneja wa usafirishaji akataka maelezo kwa maandishi. Marehemu alijua nozeli zile zilitoka mikononi mwake zikiwa safi wiki tatu tu nyuma, na aliamini kuwa kilichoingia baada ya hapo kingeweza kuingia kwa njia ya tangi peke yake, kwa hiyo akaandika mstari mmoja kwenye karatasi ya kazi, "Gari limetiwa mafuta machafu," akapiga mhuri, akaendelea na kazi nyingine.

Mstari huo ulitosha. Kampuni ilisema dereva anauza dizeli yao na kujazia vitu vya ajabu, na siku ya Ijumaa tarehe 3 Septemba, saa kumi na mbili asubuhi, Taratibu akafukuzwa kazi uani kwa kampuni mbele ya madereva wenzake wote, barua ikisomwa kwa sauti.

Jumatatu yake alikwenda chumba cha nne. Hakupiga kelele, alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia, akauliza, "Mama, wewe uliyaona mafuta, au uliziona nozeli?"

Marehemu akasema, "Niliziona nozeli."

"Basi mafuta machafu uliyaonea wapi?"

Marehemu akamjibu, "Baba, mimi sina ugomvi na wewe. Nozeli inajieleza yenyewe." Taratibu akavaa kofia yake, akaondoka, na mama aliandika katika daftari kwamba siku hiyo alipima nozeli moja mara nne, kwa sababu kila akimaliza alikuwa amesahau geji ilisoma ngapi.

Tarehe 16 Novemba likaja gari la kusambaza mikate, ambalo alilisafishia nozeli mwezi mmoja kabla, likiwa na ugonjwa uleule, kumisi kulekule, utando uleule mweusi na mlaini. Gari la mikate halikujaza mafuta mahali pamoja na mabasi, na dereva wake alikuwa mwenye mali mwenyewe, hana wa kumwibia. Marehemu akautoa ule utando kwa kibano, akauweka kwenye sahani nyeupe, akauosha kwa petroli tone kwa tone, weusi ukaondoka, ikabaki pamba pamba ya rangi ya buluu. Akakaa chini. Kisha akainuka akalitoa kopo la basi kwenye rafu, akafanya vilevile, na pamba ikawa buluu ileile.

Mafundi mnajua kwamba nozeli zikishatolewa, ncha za mabomba hubaki wazi, na usipoziziba vumbi linaingia. Mama alikuwa akiziziba kwa vipande vya kitambaa alivyopewa na mdogo wake chumba cha tatu, na kwa miaka yote vilikuwa vipande vya sketi, kitambaa kigumu kilichosokotwa vizuri, ambacho hakiachi uzi. Mwezi Julai mwaka ule mdogo wake alipata kazi ya kushona masweta ya shule ya kitambaa chenye manyoya, rangi ya buluu, vipande vikaingia kwenye mfuko uleule, na mama akavichukua bila kutazama, akavisokomeza ndani ya mabomba ili kuzuia uchafu, akavichomoa, manyoya yakabaki, pampu ikayasukuma hadi kwenye nozeli. Tangi la basi halikuwa na kosa lolote, na Taratibu pia hakuwa na kosa lolote.

Jioni alimwonyesha mumewe ile sahani, naye mzee wetu, ambaye ni mtu wa amani, akamwambia, "Mke wangu, umekwisha kujua, hutarudia. Ukiwaambia kampuni watakuhama, na karibu kazi yako yote ni yao." Marehemu akasema, "Na yeye kazi yake yote ilikuwa ipi?" Mzee akachukua taulo lake la saluni, akalikunja.

Jumatatu tarehe 22 Novemba akaenda kwa meneja na sahani, makopo mawili, na karatasi aliyoiandika upya. Meneja akasoma, akasukuma karatasi pembeni, akamwambia, "Mama Nozeli, jambo hili limekufa, unalifukua la nini? Dereva mwingine ameshapatikana. Chukua sahani yako uende, tuendelee na kazi." Marehemu akamwambia, "Sahani ni ya nyumbani, hiyo naondoka nayo. Karatasi naiacha. Na kesho nitakuja uani, kwa sababu mlimfukuza mbele ya watu."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alisimama pale uani, mahali palepale, akiwa na sahani, akawaambia madereva kwamba Taratibu hakuiba tone la mafuta, kwamba uchafu ulitoka kwenye tambara lake yeye, na kwamba aliandika neno juu ya kitu ambacho hakukiona. Dereva mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, kwa hiyo mwizi ni sketi?" Mwingine akadakia, "Sweta! Sketi haina kosa, mwacheni sketi!" na ua mzima ukacheka. Marehemu akawasubiri wamalize kucheka, akasema yote tena tangu mwanzo, neno kwa neno, maana alijua waliocheka hawakusikia.

Jumapili tarehe 28 alikwenda nyumbani kwa Taratibu. Mke wake alimkaribisha, akampa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimekusikia, dada. Yeye yuko nyuma anafua, na hatatoka." Marehemu aliyasikia maji ya nguo zinazokamuliwa, akakaa kidogo, akashukuru, akaondoka.

Kampuni haikuifuta ile barua. Mwezi Desemba ilihamishia nozeli zake kwingine, mashine ya kupimia ikawa inakaa siku nne kwa wiki bila kuguswa, na kwa miaka minne nyumba yetu ilisimama kwa mkasi wa mzee. Taratibu akapata kibarua cha kuendesha lori la mchanga, na hakuna kampuni ya abiria iliyompokea tena. Lakini lililomkera mama kuliko yote halikuwa hilo la kampuni, lilikuwa kwamba gereji za mji huu zilianza kuyaita mafuta yaliyochanganywa "mafuta ya Taratibu", na mnalijua neno hilo, wengi wenu mmelisema, wengine mmelisema mwezi huu.

Mteja akilisema katika chumba cha nne, mama aliweka spana chini, akamwambia, "Kaa hapo," akamsimulia habari nzima, ndipo akalishika gari. Watu wakawa wanataniana kwamba kwa Mama Nozeli unahubiriwa kwanza, kutengenezewa baadaye, na wapo waliofika na haraka wakasema wenyewe mlangoni, "Mama, najua, ni tambara, ni tambara, niangalizie gari." Kila aliyemsimulia alimwekea alama nyuma ya daftari, na alama hizo zipo, ni mia mbili na kumi na nne.

Tarehe 9 Februari 2011 Taratibu mwenyewe alifika, akiwa na nozeli za lori zimefungwa kwenye gazeti, akaziweka juu ya meza, akasema, "Nne hizi, Mama. Na tambara usitie." Marehemu akamwonyesha kopo lililojaa vifuniko, akasema, "Siku hizi natia vifuniko vya plastiki, baba." Taratibu akakichukua kimoja, akakigeuza, akakinusa, akasema, "Hiki hakina manyoya," na mdogo wake mama, aliyekuwa chumba cha tatu, anasema alisikia watu wawili wazima wakicheka hadi wakakohoa. Taratibu hakusema kwamba amesamehe, na mama hakumuuliza, ila tangu siku hiyo nozeli zake hazikwenda kwa fundi mwingine hadi alipoacha kuendesha.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Julai 2019 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi akipanda ngazi tatu za nyumbani, akasema ni uzee, akaendelea kusema ni uzee hadi tarehe 17 Septemba binti yake wa kwanza alipompeleka hospitali kwa kumdanganya kwamba ni binti anayeumwa. Daktari wa moyo alimweleza kwa upole kwamba valvu moja haifungi sawasawa na damu inarudi nyuma, mama akafikiri, akamwambia, "Kwa hiyo, daktari, inakojoa," na daktari, ambaye yuko hapa leo, alicheka, kisha akasema hakuna maelezo bora kuliko hayo. Alikabidhi chumba cha nne kwa mwanawe mwaka huohuo, akatumia dawa kwa saa zake, akaacha chumvi, akagoma kuacha kukagua makopo.

Tarehe 21 Aprili mwaka huu, 2023, alizidiwa, akachukuliwa na gari la wagonjwa, na njiani gari likaanza kumisi. Dereva, kijana ambaye mwaka 1999 alikuwa hajazaliwa, akapiga usukani akasema, "Mafuta ya Taratibu haya!" Muuguzi anasema mgonjwa alikuwa amefumba macho, akayafumbua, akajivua kinyago cha hewa, akaanza, "Mwanangu, sikiliza," wakamrudishia kinyago, akakivua tena, na walipofika hospitali alikuwa amefika kwenye gari la mikate, akamwambia dereva, "Kesho njoo nikumalizie." Dereva alikwenda kweli, akamaliziwa, na alama yake ndiyo ya mwisho katika zile mia mbili na kumi na nne.

Siku hiyohiyo ndipo mama alipotuita watoto wake wote watatu akaacha lile sharti. Mjomba wetu alipolisikia alisema msiba si mahali pa kusoma makosa ya marehemu, tukamwuliza mzee, mzee akasema, "Someni. Mkiacha, atakayesumbuliwa ni mimi, si ninyi."

Marehemu aliaga dunia siku ya Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa tano na robo asubuhi, wodini, mdogo wake akiwa ameshika mkono wake, akiwa na umri wa miaka sitini na tano, mwezi mmoja na siku ishirini na tano. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kaka wawili na mdogo mmoja wa kike.

Familia inamshukuru daktari wa moyo na wauguzi wote wa wodi ya wanawake, ambao walimvumilia alipokuwa akiwasahihisha namna ya kufunga mirija, inawashukuru majirani wa mtaa waliopokezana kupika na kulala nasi tangu Jumanne, inawashukuru wapangaji wa jengo la milango ya chuma, na mafundi wa gereji zote waliofunga kazi leo, na dereva wa gari la wagonjwa aliyeomba ruhusa ili awepo. Baba yetu Taratibu amekaa hapa pamoja nasi, na familia haitamsimamisha, kwa sababu tulimwuliza akasema hapendi kusimamishwa mbele ya watu, aliwahi kusimamishwa mara moja na inamtosha.

Neno lenyewe ambalo mama alitaka lisomwe tuliliandika kitandani kwake kama alivyolitamka, na ni hili: "Nimewaambia mmoja mmoja kwa miaka ishirini na mitatu, na hawaachi. Siku ya kunizika watakuwa wamekaa wote mahali pamoja, na hakuna atakayesema ana haraka ya gari. Waambieni yule baba hakuiba. Niliandika nisichokiona, tena kwa mhuri. Gari likiingiwa na uchafu na wakataka jina la kuuita, wasitumie la kwake, watumie langu, waseme tambara la Mama Nozeli. Mimi nitakuwa nimekwenda, halitaniuma."

Umesikika, mama, hadi nyuma. Pumzika sasa, na amani ikae nawe.